Bewa la Chuo Kikuu na Chuo cha Ufundi Jirani: Kazi ya Kufanya Kabla ya Sahihi

Hati ya maelewano kati ya bewa na chuo cha ufundi, ya kuwapandisha wenye stashahada hadi shahada, ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Wakubwa huketi, picha hupigwa, soda hunywewa, kisha karatasi huingia kabatini. Muhula ukifunguliwa, mwenye stashahada ya umeme hufika bewani na barua mkononi akitaraji kuanza mwaka wa pili, akaambiwa aanze wa kwanza. Sababu ni moja: hakuna aliyewahi kuketi na kulinganisha, somo kwa somo, alichokisoma kule na kinachofundishwa huku.

Mwongozo huu ni wa wakuu wa mabewa, wakuu wa vyuo vya ufundi, wakuu wa idara na makarani wa usajili walioko Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya. Umepangwa kinyume na mazoea: ulinganisho wa masomo kwanza, hesabu ya fedha pili, sahihi mwisho.

Tahadhari moja mapema. Mpango unaonukuliwa sana katika mikutano hii ni ule wa Marekani uitwao 2+2, yaani miaka miwili katika chuo cha jamii na miwili chuo kikuu. Kule unafanya kazi kwa sababu chuo cha jamii hufundisha masomo yaleyale ya jumla ya mwaka wa kwanza na wa pili wa shahada: hisabati, uandishi, sayansi. Chuo chetu cha ufundi kina kazi nyingine. Kinamwandaa mtu wa kazi, na mtaala wake umejengwa juu ya umilisi wa kazi hiyo. Ukinakili 2+2 jinsi ilivyo utakuwa umeahidi miaka miwili ambayo haipo. Kwa kozi nyingi za kiufundi, kinachookolewa kwa haki ni mwaka mmoja, pengine na masomo machache juu yake. Tangazeni hivyo tangu mwanzo.

Mjue jirani na anayetia sahihi kwa niaba yake

Vyuo vya ufundi havifanani kisheria. Politekniki ya kitaifa, kama ile ya Kisumu au ya Sigalagala kwenye barabara ya Kisumu–Kakamega, ina baraza lake. Taasisi ya kiufundi iliyo chini ya wizara ina bodi ya magavana. Kituo cha mafunzo ya ufundi, kile ambacho wazee bado wanakiita politekniki ya kijiji, kiko chini ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Meneja wa kituo hana mamlaka ya kufunga mkataba wa miaka mitano. Anayeufunga ni idara ya elimu ya kaunti, baada ya wakili wa kaunti kuusoma. Wengi hupoteza muhula mzima hapa kwa kuwa walizungumza na mtu mwema asiye na kalamu.

Upande wa chuo kikuu nako, mkuu wa bewa kwa kawaida hatii sahihi. Anayetia ni Naibu Chansela. Mkuu wa bewa akiwa na barua ya kumruhusu kujadiliana, mambo huenda haraka.

Kabla ya mkutano wa pili, kila upande uweke mezani:

- Leseni ya chuo kutoka TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, pamoja na idhini ya kila kozi inayohusika. Chuo kinaweza kuwa na leseni halali na kozi moja isiwe nayo.
- Idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwa programu ya shahada, na uthibitisho kwamba bewa lenyewe limetambuliwa.
- Orodha ya wakufunzi na wahadhiri, sifa zao, na kama wameajiriwa au ni wa mkataba wa muda.
- Idadi ya waliofanya mtihani na waliofaulu, kozi kwa kozi, kwa miaka mitatu iliyopita.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayofichwa zaidi. Ikikosekana, msiendelee. Haina maana kujenga daraja kutoka kozi ambayo watu wanne pekee humaliza kwa mwaka.

Umbali nao ni sifa ya jirani. Njoro hadi Nakuru mjini ni kama kilomita 20, Maseno hadi Kisumu kama 25. Kwenye ramani ni karibu, ila mwanafunzi anayelipa matatu kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki, wiki 14, analipa karo ya pili. Ikiwa masomo ya pande zote mbili yataingiliana, pangeni siku nzima mahali pamoja. Msimfanye mtu asome saa mbili huku asubuhi na saa tatu kule mchana.

Anzeni na kozi moja tu

Shauku ya siku ya kwanza huleta orodha ya kozi kumi na mbili. Chagueni moja, mbili zikizidi. Iwe kozi yenye kazi karibu: mashamba ya maua ya Naivasha yanahitaji mafundi wa umwagiliaji na majokofu, visima vya mvuke vya Olkaria vinahitaji watu wa mitambo na vyombo vya kupimia, ukanda wa miwa wa Muhoroni, Chemelil na Nzoia una viwanda vya kuendesha, Kisumu kuna ujenzi wa meli na biashara ya samaki, Njoro kuna maziwa na nafaka. Kozi ikilenga kazi iliyo umbali wa safari moja ya matatu, mahali pa kufanyia mazoezi ya kazini hapatafutwi Nairobi.

Mkichagua uhandisi, ulizeni swali hili kabla ya kuchapisha bango: mhitimu atasajiliwa na nani? Wahandisi husajiliwa na EBK, bodi ya wahandisi. Wanateknolojia na mafundi sanifu wa uhandisi husajiliwa na KETRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Shahada ya teknolojia ni shahada kamili, lakini haimpeleki mtu moja kwa moja EBK. Malalamiko mengi ya wahitimu huanzia hapa, na si ya bure: bango liliandika “uhandisi” kwa herufi kubwa, na neno “teknolojia” likaonekana mara ya kwanza kwenye cheti. Andikeni jina kamili la shahada na jina la bodi inayosajili, kwenye tangazo na kwenye barua ya kupokelewa. Uuguzi na kozi nyingine za afya zina mabaraza yake, na baadhi ya hayo hayakubali kuhamisha masomo bila ridhaa yao. Kama hii ndiyo mara yenu ya kwanza, ziacheni kwa sasa.

Ulinganisho wa masomo: hapa ndipo kazi ilipo

Teueni watu wanne: mhadhiri na mkufunzi wanaofundisha masomo yenyewe, karani wa mitihani kutoka chuo cha ufundi, na mtu wa ofisi ya msajili wa masomo. Wakuu wa idara wasikae hapa. Wao watapitisha baadaye. Wapeni siku tano kamili, si mikutano kumi ya saa moja. Wafike na mitaala, mitihani ya miaka miwili iliyopita, na jalada moja la kazi za mwanafunzi kwa kila somo. Mtaala husema kinachopaswa kufundishwa. Kilichofundishwa kweli kiko kwenye mtihani na kwenye jalada.

Hatua ya kwanza ni saa. Vyuo vikuu vyetu huhesabu somo moja kuwa saa 35 hadi 45 za mafundisho, na saa moja ya mafundisho ni mhadhara wa saa 1, au mjadala wa saa 2, au karakana na maabara ya saa 3. Chuo cha ufundi huandika saa zake zote kwa jumla. Hamwezi kuzilinganisha bila kuzibadilisha kwanza.

Chukueni kitengo cha umeme wa majengo cha saa 120, ambamo 30 ni za nadharia na 90 za karakana. Kwa hesabu ya chuo kikuu: 30 + (90 ÷ 3) = 60. Kinatosha somo moja la saa 45. Saa 15 zinazobaki hazigeuki theluthi ya somo jingine, zinaishia hapo. Mkufunzi atakayeona saa 120 zake zimekuwa 60 atahisi amedharauliwa, kwa hiyo mwelezeni kanuni hiyo siku ya kwanza, kabla hajaona jedwali.

Hatua ya pili ni kilichomo ndani. Saa zinaweza kulingana na maarifa yasilingane. Kitengo hicho cha umeme wa majengo humfundisha mtu kuvuta nyaya, kuchagua ukubwa wake, kupima insulesheni na waya wa ardhi. Somo la saketi la chuo kikuu lina saa 45 vilevile, lakini linataka namba changamano na milinganyo. Hayo ni masomo mawili, na anayeyapa jina moja anamtuma mwanafunzi akaanguke mwaka wa tatu. Upande mwingine, chuo kikuu kina somo la mazoezi ya karakana la mwaka wa kwanza ambalo mwenye stashahada angeweza kulifundisha yeye. Hilo lihamishwe bila mjadala. Bado wapo wahadhiri wanaoling'ang'ania.

Kila somo la mwaka wa kwanza na wa pili lipewe herufi moja kati ya tatu:

A – limetosha. Theluthi mbili au zaidi ya matokeo ya ujifunzaji yameonekana kwenye mitihani na jalada, na saa zimefika.

B – limetosha nusu. Mwanafunzi asome sehemu iliyopungua na afanye mtihani wake.

C – halipo. Asome lote.

Kikomo cha theluthi mbili ni pendekezo letu. Seneti ya chuo kikuu, yaani kikao chake kikuu cha masomo, inaweza kuweka chake. La muhimu kiandikwe, na kisibadilike kwa sababu mwombaji ana mjomba. Juu ya hayo yote kuna kikomo cha CUE kuhusu sehemu ya kozi inayoweza kuhamishwa, na jumla ya A zenu isikivuke. Omba toleo la viwango linalotumika mwaka huo, si lile lililochapwa na mtangulizi wako.

Katika kozi za kiufundi, C kubwa kuliko zote ni hisabati. Mwanafunzi aliyepata C- katika KCSE aliingia stashahada kwa haki, akafanya hisabati ya kutosha kazi yake, na sasa anakutana na kalkulasi. Msimtupe humo. Pangeni kozi ya daraja ya wiki 6 kabla ya muhula, mwezi wa Agosti kwa mfano: saa 8 kwa wiki, jumla 48, ambazo 45 ni za kufundisha na 3 za mitihani. Wiki ya kwanza aljebra na fomula za trigonometria, wiki ya pili na ya tatu kutofautisha (differentiation), ya nne kujumlisha (integration), ya tano namba changamano na matriki, ya sita milinganyo ya tofauti ya daraja la kwanza. Siku ya kwanza toeni jaribio la dakika 90. Anayepata asilimia 60 na zaidi aachiliwe aende zake. Mkimlazimisha kukaa atawachosha wengine.

Ni nani afundishe kozi hiyo? Mkufunzi wa chuo cha ufundi, naye mhadhiri atunge mtihani. Mkufunzi anajua walipoachia. Mhadhiri anajua wanakokwenda. Mkigeuza majukumu, mtapata mihadhara mizuri ambayo hakuna anayeielewa.

Hatua ya tatu ni alama, na ndiyo inayosahaulika. KNEC, baraza la mitihani la taifa, hutoa matokeo kwa ngazi za pasi, kredi na distinkshen. CDACC, baraza la mitaala na vyeti vya ufundi, hutoa kiwango cha umilisi. Chuo kikuu hutoa A hadi E. Msijaribu kutafsiri. Somo lililohamishwa liandikwe kwenye hati ya matokeo kuwa “limehamishwa”, bila alama, na lisiingie kwenye wastani wa kuamua daraja la shahada. Mkilipa alama, aliyesoma miaka minne bewani atasema mwenzake amebebwa, na kamati ya mitihani itarudia mjadala huo kila mwaka. Seneti ipitishe jambo hili kwa maandishi kabla ya mwanafunzi wa kwanza kupokelewa.

Amueni pia umri wa stashahada. Kwa kompyuta, masomo ya miaka saba iliyopita yamechakaa. Kwa uhasibu, kanuni za kodi hubadilika karibu kila bajeti. Kwa ufuaji vyuma, chuma bado ni chuma. Muda usiwe mmoja kwa kozi zote.

Mazoezi ya kazini, yale wanafunzi wanayoita atachimenti, hatupendekezi yahamishwe. Mwenye stashahada alikwenda kiwandani kama fundi. Akirudi akiwa mwanafunzi wa shahada apewe kazi ya juu zaidi: kupanga matengenezo, kuandika ripoti ya hitilafu, kukadiria gharama. Ndipo tofauti ya miaka aliyoongeza itakapoonekana.

Idhini

Seneti hupitisha jedwali la ulinganisho na kanuni za alama. Bodi au baraza la chuo cha ufundi hupitisha upande wake. Kama shahada, au sehemu yake, itafundishwa ndani ya chuo cha ufundi, andikieni Tume mapema: CUE hukagua pia mahali shahada inapofundishiwa, mtaala pekee hautoshi. Mwaka 2016 mabewa kadhaa nchini yaliamriwa kufungwa kwa kutofikia viwango, na wanafunzi ndio waliohangaika na mizigo yao. Na kama chuo kikuu kinafikiria kuanzisha stashahada yake kupitia mlango huu, kijue kwamba stashahada na vyeti vya ufundi ni shamba la TVETA chini ya Sheria ya 2013. Njia safi ni moja: chuo cha ufundi kibaki na stashahada, chuo kikuu kibaki na shahada.

Hati mbili, si moja

Hati ya maelewano iwe fupi, kurasa tatu au nne: nani, kwa nini, muda gani, migogoro itatatuliwaje. Hiyo ndiyo ya picha. Ya pili ni makubaliano ya utekelezaji, na ndani yake ndimo muwe na jedwali la masomo, bei, ratiba, orodha ya vifaa, na jina la cheo kinachowajibika kwa kila jambo. Andikeni cheo, si jina la mtu, kwa sababu wakuu wa vyuo huhamishwa. Jedwali la masomo lipewe tarehe na namba ya toleo. Mtaala wowote ukibadilika, upande huo utoe taarifa kwa maandishi siku 90 kabla, na mwanafunzi aliyeanza chini ya toleo la kwanza amalize nalo.

Fedha: msilipane kwa kichwa peke yake

Kosa la kawaida ni bei moja kwa kila mwanafunzi. Tufanye hesabu. Bewa linapeleka wanafunzi 40 kwenye karakana ya chuo, saa 3 kwa wiki, wiki 14. Karakana inabeba 20 kwa usalama, hivyo ni makundi mawili: saa 84, vipindi 28. Tuseme fundi wa karakana analipwa KSh 500 kwa saa, nusu saa ya maandalizi kwa kila kipindi, vifaa vinavyoisha ni KSh 1,200 kwa kila mwanafunzi, umeme na uchakavu KSh 350 kwa saa:

- Fundi: 84 × 500 = KSh 42,000
- Maandalizi: 14 × 500 = KSh 7,000
- Vifaa: 40 × 1,200 = KSh 48,000
- Umeme na uchakavu: 84 × 350 = KSh 29,400

Jumla KSh 126,400, yaani KSh 3,160 kwa kila mmoja. Mnakubaliana hiyo 3,160 na kupeana mikono. Mwaka unaofuata wanakuja 26. Makundi bado ni mawili, saa bado ni 84. Kilichopungua ni vifaa tu, vikawa KSh 31,200. Gharama ni KSh 109,600, malipo ni 26 × 3,160 = KSh 82,160. Chuo cha ufundi kimepoteza KSh 27,440, na hakitasema. Kitaanza tu kuchelewesha funguo.

Kwa hiyo lipeni kwa sehemu mbili: kipindi kwa kipindi kwa ajili ya fundi, umeme na uchakavu, kichwa kwa kichwa kwa ajili ya vifaa vinavyoisha. Nusu ya malipo iingie kabla ya wiki ya pili, kwa sababu nyaya, elektrodi na kemikali hununuliwa mwanzoni, na taasisi za umma hununua kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi ya 2015, ambao haujui haraka. Chuo kikuu kinachongoja karo ikamilike ndipo kilipe kitakuta karakana haina waya.

Kuhusu karo ya mwanafunzi, semeni wazi kwenye tangazo. KUCCPS, ofisi ya serikali ya kupanga nafasi za vyuo, huwapanga watu kwa matokeo ya KCSE. Anayepanda kutoka stashahada kwa kawaida huomba moja kwa moja chuoni na kujilipia karo kamili. Wengi hudhani ule ufadhili waliokuwa nao chuo cha ufundi unafuatana nao. Haufuatani wenyewe. Waelekezeni kwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema waulize wanastahiki nini, kabla hawajaacha kazi.

Ratiba

Chuo cha ufundi huenda kwa mihula mitatu, inayofunguliwa Januari, Mei na Septemba. Bewa huenda kwa mihula miwili, na wengine huongeza wa tatu wa Mei hadi Agosti. Wekeni kalenda mbili kwenye karatasi moja na kalamu ya rangi. Mtaona wiki tatu au nne ambazo upande mmoja uko kwenye mtihani na mwingine darasani. Mitihani ya KNEC ya vyuo huangukia Julai na Novemba, na wakati huo karakana ni za watahiniwa peke yao. Vipindi vyenu vyote vya Novemba vihesabiwe kuwa havipo.

Nafasi halisi ya karakana iko wakati wanafunzi wa chuo wako kwenye mazoezi ya kazini, na alasiri za katikati ya wiki. Jumamosi huonekana tupu na kila mtu huikimbilia. Eneo la Nyanza na Kisii lina Waadventista wengi. Mkiweka mtihani Jumamosi, sehemu ya darasa haitafika. Ijumaa mchana nako waacheni Waislamu nafasi ya swala.

Acheni wiki mbili za mwisho wa muhula bila somo jipya la vitendo. Umeme utapotea, mvua ya Aprili itakata barabara fulani tambarare za Ahero, mashine itaharibika. Wiki hizo ndizo za kufidia.

Ndani ya karakana

Kabla ya kipindi cha kwanza, fundi wa chuo na msaidizi wa maabara wa bewa wapite pamoja mashine kwa mashine. Kila moja iandikwe namba, hali yake, tarehe ya matengenezo ya mwisho, na ipigwe picha. Bila daftari hili, kila kilichovunjika kitakuwa kimevunjwa na wageni. Kanuni ya matengenezo iandikwe hivi: uchakavu wa kawaida ni wa mwenye karakana, kwa kuwa ameshalipwa katika ile KSh 350, uharibifu ulioandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo na kutiwa sahihi na mwalimu wa bewa ni wa bewa. Usioandikwa siku hiyo haudaiwi.

Karakana ni mahali pa kazi chini ya sheria ya usalama na afya ya 2007, na mwenye jengo ndiye anayeulizwa kwanza. Hakikisheni cheti cha usajili wa mahali pa kazi kipo na kinatumika. Msidhani bima ya wafanyakazi inamfunika mwanafunzi. Chukueni bima ya ajali kwa kila mmoja, na iandike kwamba inafanya kazi katika majengo ya pande zote mbili. Wanafunzi wa chuo kikuu wana tabia ya kuja karakana kwa ndala na nywele ndefu zisizofungwa. Kanuni iwe moja: bila viatu vilivyofunika vidole, miwani na ovaroli, hapiti mlangoni. Fundi wa chuo ndiye mwenye neno la mwisho hata kama aliyesimama mbele yake ni profesa.

Dawati moja, daftari moja

Wekeni mtu mmoja kila upande anayepokea maombi. Mwombaji alete hati ya matokeo, nakala ya cheti, KCSE na kitambulisho. Bewa lithibitishe cheti kwa aliyekitoa, KNEC au CDACC, si kwa kumuuliza mkuu wa chuo kwa simu. Majibu yatoke ndani ya siku 21, na barua itaje kila somo lililohamishwa kwa namba yake, kila la B na mtihani wake, na idadi ya mihula iliyobaki. Barua inayosema tu “umepokelewa mwaka wa pili” ndiyo chanzo cha ugomvi.

Taarifa za wanafunzi zinapopita kati ya taasisi mbili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika. Fomu ya maombi iwe na mahali pa mwanafunzi kukubali, na orodha zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wahadhiri. Mpeni mwanafunzi kitambulisho cha maktaba cha pande zote mbili tangu wiki ya kwanza. Ni kitu kidogo, lakini vitabu vya ufundi viko kule na majarida yako huku.

Mwisho wa muhula wa kwanza, tazameni matokeo ya waliohamia somo kwa somo. Kama zaidi ya robo yao wameanguka somo lilelile, basi somo lililolitangulia halikuwa A. Rudini kwenye jedwali, mlishushe kuwa B, na tangazeni toleo jipya kwa wanaoingia mwaka ujao.

Siku mtakapoachana

Kifungu hiki huachwa kwa heshima, kana kwamba ni kutabiri talaka siku ya harusi. Kiandikeni. Upande unaojitoa utoe notisi ya miezi 12. Wanafunzi waliokwisha kupokelewa wamalizwe kwa jedwali na bei zilezile. Vifaa vilivyonunuliwa na bewa na kuwekwa chuoni viwe na namba ya rangi tofauti na orodha iliyotiwa sahihi kila Desemba, ili siku hiyo lori likifika getini, mlinzi awe na karatasi ya kuangalia nini kinatoka na nini kinabaki.